Kosa Lipi Lisahihishwe Leo, Lipi Lingoje?

Mwalimu wa darasa la kwanza anajibu barua za wasomaji

Barua za safari hii zimegawanyika pande mbili, na kila upande una uchungu wake. Wapo wanaoogopa kwamba kosa lisiposahihishwa papo hapo litaota mizizi. Wapo wanaoogopa kwamba mtoto akisahihishwa kila mara atakata tamaa na kuichukia kalamu. Nimefundisha darasa la kwanza sehemu kubwa ya maisha yangu, na hofu zote mbili naziheshimu. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu ana miaka 6. Kabla ya muhula huu alikuwa haachi kuandika. Karatasi yoyote akiiona ni yake. Mwezi uliopita darasani waliambiwa waandike habari wanayoipenda. Aliandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Mimi na babu tuliagalia picha ya tebo. tebo ana pua defu na masiko makubwa kama mlago." Daftari lilirudi limejaa wino mwekundu, na agizo la kuandika kila neno alilokosea mara 10. Alilia. Tangu siku hiyo nikimwambia aandike, anaandika "mama", "baba", "kaka", "dada", anafunga daftari. Nikimuuliza mbona hayo tu, ananijibu, "Hayo sikosei." Nifanye nini?
*Mama wa mtoto mmoja*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kunakili sentensi zenyewe, kwa sababu jibu limo humo humo. Hebu tuzisome pamoja polepole, kama zilivyostahili kusomwa mara ya kwanza.

Ameandika maneno 16. Kumi yako sawasawa. Upatanisho wa sarufi uko mahali pake: tembo ana, masikio ni makubwa. Na lile "kama mlango" hakufundishwa na mtu, kalitoa kichwani mwake. Mtoto wa miaka 6 anayeona sikio la tembo pichani akakumbuka mlango ana la kusema, na mtoto mwenye la kusema ndiye anayejifunza kuandika.

Sasa makosa. Maneno yaliyokosewa ni 6, ukimhesabu tembo mara mbili. Yatazame tena. Ukiondoa "masiko", matano yaliyobaki ni kosa moja lile lile: kila penye mb, nd au ng, ameandika b, d au g peke yake. Sauti ile ya puani inamponyoka kwa sababu imeshikamana na konsonanti inayofuata, zinatoka kwa pigo moja. Piga makofi: te-mbo, makofi mawili, m haina kofi lake. Lakini ona alivyoandika "mlago". Ile m ya mwanzo ameiweka, kwa kuwa pale inasimama peke yake na ina kofi lake: m-la-ngo. Mtoto huyu anasikiliza kwa makini sana na anaandika kila anachokisikia. Mwaka 1971 mwanaisimu Mmarekani Charles Read alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wadogo waliokuwa wakijiandikia Kiingereza kabla ya kufundishwa tahajia, naye akakuta wanaidondosha m au n iliyotangulia konsonanti nyingine. Kwa hiyo mwanao hana uzembe wowote. Amefika mahali ambapo watoto wengi hupitia.

Ana jambo moja kubwa la kujifunza, na lile dogo la "masikio". Herufi kubwa baada ya nukta inaweza kungoja. Ukinakilisha maneno matano mara 10 kila moja umepata maneno 50, na baada ya maneno 50 mkono umechoka lakini sikio bado halijui limekosa nini.

Fanya hivi. Chagua wakati ambapo hakuna daftari mezani. Mwambie abane pua kwa vidole viwili aseme "fuga", kisha aseme "funga". Kwenye "funga" atahisi pua inatetemeka na sauti inakwama. Endeleeni na piga na pinga, goma na ngoma. Siku ya pili aandike maneno hayo sita tu, akibana pua kila anapoona shaka. Ya tatu mrudishe kwa tembo wake mwenyewe: "Hebu litamke umebana pua. Kuna sauti gani hukuiandika?" Mwachie nafasi aitafute. Akiipata na kuiingiza kwa mkono wake, mwambie atazame kama kuna maneno mengine yaliyoiacha sauti hiyo nje. Nimeona watoto wakirudi kwenye kurasa za wiki zilizopita kuwinda kosa hilo wenyewe, bila kuambiwa, na wakiniletea daftari kwa furaha kunionyesha walilolipata.

Jambo jingine: mjibu. Alitoa habari na hakuna aliyeipokea. Chini ya sentensi zake andika kwa mwandiko mkubwa: "Sijawahi kuona tembo mwenye masikio makubwa kama mlango. Pua yake ndefu ilifika chini?" Humo ataona tembo, ndefu, masikio na mlango, yote sawasawa, ndani ya maneno ya mtu aliyemsoma. Usimwelekeze kidole. Atalinganisha.

Mwalimu wake usimseme mbele ya mtoto. Nenda ukamwone kwa utulivu, mfungulie ukurasa, mwonyeshe kwamba makosa matano ni moja, na umuulize kama mnaweza kulishughulikia hilo tu kwa wiki hii. Mwalimu mwenye rundo la madaftari hufurahi kuambiwa kwamba kazi ni ndogo kuliko alivyodhani.

Na hizo "mama, baba, kaka, dada" zisikufariji hata kidogo. Atapata alama zote na ukurasa utakuwa safi, lakini atakuwa amesimama pale pale. Mtoto hujifunza kumwandika tembo siku anapomhitaji tembo.

Mwalimu, salaam. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Mwalimu wake huchora nyota na kuandika "Vizuri sana" kila ukurasa. Mimi nikifungua daftari naona "nimepoteza karamu yangu", "a na kwenda nyubani", "tu li cheza". Nilipouliza nikaambiwa tusimvunje moyo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa kwa kila kosa la imla na leo tunaandika. Kumfurahisha mtoto ndiko kumfundisha?
*Baba asiyeridhika*

Salaam, ndugu yangu. Nusu ya barua yako naiunga mkono kabisa. "Vizuri sana" iliyoandikwa kila ukurasa haina thamani tena. Mtoto wa miaka 8 anajua ukurasa upi aliutolea jasho na upi aliulipua. Akikuta zote mbili zina nyota, anaelewa kwamba aliyechora nyota hakusoma. Mwaka 1998 watafiti wa saikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliosifiwa kwamba wana akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii, na walipopewa nafasi ya kuchagua walipendelea kazi rahisi. Basi sifa na itaje jambo lenyewe. "Umeandika 'nilichokipenda' bila kuacha silabi hata moja, na neno hilo ni refu." Hiyo mtoto anaiweka moyoni kwa sababu anaweza kuihakiki.

Nakubaliana nawe pia kwamba lugha yetu haitupi sababu ya kungoja mno. Vokali zetu 5 husomeka vilevile popote zilipo, na neno likitamkwa wazi karibu kila mara unajua litaandikwaje. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Katika orodha ya maneno ya kawaida, watoto wa Kifini walisoma sawasawa 98 kwa 100. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakisoma Kiingereza, 34 kwa 100. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na ugumu wa tahajia na wa muundo wa silabi. Kwa upande wa tahajia sisi tuko karibu na Kifini. Ushauri wa kumwacha mtoto aandike atakavyo kwa miaka kadhaa ulikulia katika madarasa ya Kiingereza, ambako mtoto ana msitu wa tahajia wa kuuvuka. Ukiuhamishia kwa mtoto wa Kiswahili kama ulivyo, unamchelewesha bure. Darasa la pili, "nyubani" imeshapitisha muda wake.

Kwenye bakora ndipo tunapoachana. Waliochapwa wakaendelea ndio unaowaona leo wakiandika. Waliochapwa wakaacha shule hawatuandikii barua. Nimewafundisha watoto waliokwisha kupigwa kwa ajili ya imla: penseli wanaibana mpaka vidole vinapauka, na kila baada ya herufi mbili wanatazama uso wa mwalimu badala ya kutazama neno. Mtoto anayetazama uso wako hajifunzi tahajia, anajifunza hasira zako.

Samaki wako tumkunje, lakini mkunjo mmoja mmoja. Makosa uliyoniandikia hayana asili moja.

"Karamu" kwa "kalamu" ndilo la kwanza kushughulikiwa, maana linageuza habari nzima. Msikilize kwanza anavyozungumza. Kama l na r hutoka kinywani mwake kama sauti moja, sikio halitamsaidia, na kumwambia "sikiliza vizuri" ni kumwonea. Maneno haya atayajua kwa jicho. Andika kalamu na karamu, kula na kura, kila moja kwenye kadi yake yenye picha, uzibandike anapopita kila siku. Anapoandika na kupata shaka, ruhusa kwenda kutazama. Hiyo si kuibia, ndivyo watu wazima wanavyotumia kamusi.

"A na kwenda" na "tu li cheza" yananipa moyo. Binti yako amehisi kwamba a-, na-, tu-, li- ni vipande vyenye maana. Hilo ni jambo la sarufi ambalo hakuna aliyemfundisha. Kinachobaki ni kumjulisha kwamba vipande hivyo huandikwa vimeshikana. Mwambie aseme sentensi huku akitembea, hatua moja kwa neno moja: "Asha / anakwenda / nyumbani", hatua tatu. Kisha mwandikie sentensi kwenye ukanda wa karatasi aikate kwa mkasi mahali pa hatua tu. Watoto wengi hawahitaji wiki nyingi hapo.

"Nyubani" ni ndugu wa "tebo" wa barua iliyotangulia, tiba ni ile ile.

Sasa namna ya kulinda usahihi na moyo wa mtoto kwa pamoja. Mimi hutumia madaftari mawili na sioni njia bora zaidi. La kwanza ni la imla: maneno 8 au 10 kwa wiki, yatoke kwenye makosa yake mwenyewe, yafundishwe kwanza, kisha yaandikwe bila msaada. Humo sisamehe. Neno likikosewa linarudi wiki ijayo. La pili ni la habari zake. Humo anaandika atakalo, kwa maneno yoyote anayoyataka, na mimi nachagua jambo moja tu la kumwonyesha kwa kila ukurasa, lile lililo hatua moja mbele ya pale alipo. Neno lililokwisha kupita kwenye daftari la imla lazima liwe sahihi hata kwenye daftari la habari. Hapo ndipo madaftari mawili yanapokutana, na mtoto anajua kabisa anadaiwa nini na hadaiwi nini.

Habari ya hatua moja mbele ina ushahidi wake. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada Gene Ouellette na Monique Sénéchal waliwapa watoto wa chekechea nafasi ya kubuni tahajia ya maneno, kisha wakamwonyesha kila mmoja namna ya kusogea kidogo tu kuelekea tahajia sahihi kutoka pale alipofika. Watoto hao baadaye walijifunza kusoma maneno kuliko wenzao waliofanyishwa mazoezi ya kutambua sauti bila kuandika. Angalia kwamba walisahihishwa. Hawakuachwa tu.

Mwalimu, mimi ni bibi ninayelea mjukuu wa miaka 5. Kitabu chake anakisoma chote, hata ukimfungulia katikati anamalizia bila kutazama. Lakini nikimwonyesha neno moja pembeni halijui. Shangazi yake anasema mtoto anadanganya, nimkataze. Nimkataze?
*Bibi*

Shikamoo, bibi. Usimkataze, na wala hadanganyi. Amegundua kwamba maneno ya kitabu hayabadiliki, kwamba leo na kesho ukurasa ule husema neno lile lile. Kuna watoto wanaofika darasa la kwanza hawajalijua hilo.

Ila usikubali kuliita hilo kusoma, maana akizoea kukisia kwa picha, siku picha zitakapokwisha vitabuni atakwama, na atakwama mbele ya wenzake. Mwache aseme ukurasa wake kwa raha, kisha umwombe aguse kila neno kwa kidole anapolisema. Kidole na mdomo vikipishana, aanze upya sentensi hiyo. Vikienda pamoja, andika maneno ya sentensi moja kwenye vipande vya karatasi, uvichanganye, avipange tena. Hapo atalazimika kutazama herufi. Dakika chache zinatosha, bibi, kabla hajachoka.

Mwalimu mwenzangu, nina wanafunzi 62 wa darasa la kwanza na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Mtoto akisimama kusoma akikwama kidogo tu, darasa zima linampigia kelele jibu. Wanaojua wanazidi kujua, wengine wanaomba ruhusa ya kwenda chooni zamu yao ikikaribia. Na madaftari 62 siwezi kuyasahihisha yote ipasavyo. Naanzia wapi?
*Mwalimu kijana*

Anzia kwenye kimya. Liwekee darasa sheria moja: anayesoma akikwama, hakuna sauti mpaka yeye mwenyewe aombe msaada. Ifundishe kama unavyofundisha somo, waigizie, waifanyie mazoezi, na uisimamie bila huruma kwa majuma ya mwanzo. Kisha itii na wewe. Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za msingi, alikuta mwalimu akiuliza swali hungoja kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Walimu waliojizuia kwa sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliozoea kunyamaza walianza kusema. Sekunde 3 mbele ya watoto 62 ni ndefu mno, najua. Hesabu kimoyomoyo.

Mtoto akikosea neno, mwache amalize sentensi. Mara nyingi maana itamgutusha arudi mwenyewe: kasoma "Baba analala shambani na jembe", anasita, anarudi, "analima". Hapo mpongeze kwa kurudi, na useme wazi kwamba unamsifu kwa kurudi. Mtoto anayejisahihisha anakuondolea kazi maisha yake yote ya shule. Asiporudi, muulize, "Ulivyosoma inaleta maana?" Kisha mpeleke kwenye silabi yenyewe: "Hii imeanza na li. Inayofuata?" Usimpe neno zima kabla hajajaribu, na pia usimburuze mpaka sentensi ipoteze ladha. Akijaribu mara mbili akashindwa, mpe, aendelee.

Hao wanaokimbilia chooni huenda wanasomeshwa kitabu kisicho chao. Marie Clay, mwalimu na mtafiti wa New Zealand, alituachia kipimo ninachokitumia mpaka leo. Mtoto asome maneno 100. Akikosea yasiyozidi 5, kitabu ni chepesi kwake, asome peke yake. Akikosea 6 hadi 10, kitabu hicho kinafaa kufundishia, mkiwa pamoja. Zaidi ya 10, ni kigumu, na hakuna maneno matamu ya kumtia moyo yatakayomfanya ajiamini akikosea neno moja katika kila kumi. Mpe chepesi zaidi. Kama kitabu ni kimoja tu darasani, mpe sentensi mbili za mwanzo ambazo mmekwisha kuzisoma pamoja kwa sauti moja, na zamu yake iwe hizo. Usimshtukize. Mwambie siku moja kabla, "Kesho utasoma hapa," akajiandae.

Kusoma kwa wawili wawili, mmoja akifuata kwa kidole, kutakupa nafasi ya kuzunguka. Katika kipindi kimoja utasikiliza watoto wengi kuliko kwa kusimamisha mmoja mmoja.

Madaftari sasa. Usijaribu kuyasahihisha yote kila siku kwa undani, utaishia kuweka alama za vema na kosa bila kusoma. Chagua jambo moja la wiki, tuseme mb na nd, na kwa wiki hiyo kalamu yako iguse hilo tu. Weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa, bila kuonyesha neno, na uwape dakika za mwanzo wa kipindi walitafute. Halafu kila siku chukua safu moja ya madawati uisome kwa kina na uandike hata sentensi moja ya kumjibu kila mtoto. Ndani ya siku chache kila mmoja atakuwa amesomwa. Waambie wazazi mpango huu mapema, kwani mzazi akikuta kosa lisilo na wino mwekundu atadhani hukuliona.

Mwanangu wa miaka 5 anaandika b kama d, na S anaigeuza. Ana tatizo la kichwa?
*Mzazi*

Hana. Ubongo wa binadamu umezoea kukitambua kitu kilekile kikitazama kulia au kushoto. Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo wa Ufaransa, ameeleza vizuri jinsi mtoto anayejifunza kusoma anavyolazimika kuliacha zoea hilo kwa ajili ya herufi. Katika umri wa miaka 5 na 6 ni kawaida kabisa.

Usifundishe b na d wiki moja. Ishike b mpaka imkae mkononi, ndipo uilete d. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alikuwa akiwapa watoto herufi zilizokatwa kwa msasa wazipitishie kidole huku wakitamka sauti yake, na njia hiyo haijachakaa. Akizidi miaka 8 na bado anageuza herufi nyingi, huku kusoma kukimlemea, mpeleke apimwe macho na masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma.

Mwalimu, shikamoo. Barua yangu ni kinyume cha nyingine. Binti yangu wa miaka 7 anaandika vizuri kuliko wenzake wote, lakini kila neno anauliza, "Nimepatia?" Herufi ikikaa vibaya kidogo anafuta, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Sentensi tatu zinamchukua jioni nzima. Hatujawahi kumgombeza kwa kosa. Tumemsifu tu.
*Mama mwenye wasiwasi*

Marahaba, mama. Barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, kwa sababu watoto wa namna hii hawasumbui mtu na hivyo hakuna anayewashughulikia. Wanapata alama za juu na wanateseka kimya kimya.

Sifa nazo zinaweza kumfunga mtoto. Akiwa kila siku anaambiwa "wewe hukosei", basi kukosa kunakuwa ni kupoteza kitu chake kikubwa. Kwa muda, acheni kumsifu kwa usafi wa daftari. Msifuni kwa neno gumu alilothubutu kuliandika, hata kama limekosewa. Msifuni kwa urefu wa habari, kwa wazo.

Kifutio kiondoke mezani anapoandika habari zake. Asinyang'anywe, mwelezeni sababu, kisha mwonyesheni namna nyingine: neno likikosewa, mstari mmoja juu yake, sahihi liandikwe pembeni, safari iendelee. Na ninyi watu wazima andikeni mbele yake, barua, orodha, chochote, na mkate maneno yenu kwa mstari mmoja akiona. Kwenye daftari la imla kifutio kirudi, huko usahihi ndio kazi yenyewe.

Hilo la "nimepatia?" lina dawa ninayoiamini. Usimjibu ndiyo wala siyo. Mpe penseli ya rangi na umwambie: neno lolote unalolitilia shaka, lipigie mstari chini, usisimame, endelea mpaka nukta ya mwisho. Akimaliza, kaeni pamoja mpitie yale yaliyopigiwa mstari tu. Kwa kila moja mwulize kwanza yeye: "Unaonaje, liko sawa? Ungeliandikaje vingine?" Ndipo mtazame kitabuni au kwenye kamusi.

Mtoto anayeandika kama unavyoeleza, mengi ya aliyoyatilia shaka yatakuwa sahihi, na atayaona kwa macho yake. Wekeni hesabu ndogo nyuma ya daftari: niliyotilia shaka, yaliyokuwa sawa, yaliyokosewa. Baada ya majuma machache aiangalie mwenyewe. Kuna mengine atayapigia mstari kwa haki, na hayo yaende kwenye orodha ya imla ya wiki inayofuata. Akianza kuacha maneno bila mstari, usiseme kitu. Na siku akileta ukurasa wenye kosa asiloliona, lichukue hilo moja, umwonyeshe jinsi lilivyo, mwende sentensi inayofuata.